Mchezo Usiohitaji Masikio

Mwalimu Dativa Rugaibula alikuwa mtu wa mabishano. Wanafunzi waliosoma Historia kwake katika sekondari moja ya Bukoba mjini hawakumkumbuka kwa tarehe wala kwa majina ya watawala. Walikumbuka alivyokuwa akiingia darasani, anaweka chaki mezani na kusema, "Haya, leo mkoloni ni mimi. Nani ananitoa?" Basi hapo darasa linawaka moto. Huyu anasimama, yule anamkatiza, na wa nyuma kabisa ambaye tangu Januari hajafungua mdomo anajikuta amepiga dawati. Dativa anamjibu kila mmoja kwa zamu yake, na kengele ikilia hakuna anayetaka kutoka.

Nyumbani Rwamishenye mambo yalikuwa hayo hayo. Mumewe, Anatory Buberwa, alikuwa fundi mwashi aliyeishia darasa la saba. Mbele za watu maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, lakini jikoni kwake alikuwa msimulizi. Dativa akimenya ndizi, yeye anakaa kwenye kigoda mlangoni na kumpa habari za saiti: tajiri aliyetaka ghorofa juu ya msingi wa banda, saidia fundi aliyelala ndani ya toroli. Dativa anapinga, Anatory anatetea, Kihaya kinatembea baina yao mpaka chungu kinachemka na kumwagika.

Kisha kikaja kikohozi. Kilianza kama vikohozi vingine vya msimu wa mvua, kikakataa dawa ya kwanza, kikakataa na ya pili. Walipompima vizuri wakamwambia ni kifua kikuu sugu, na kwamba matibabu yake kwa wakati ule yalitolewa mbali, upande wa Kilimanjaro. Akaenda. Huko daktari alimweka chini na kumweleza kwa upole kwamba sindano atakazochomwa kila siku zinaweza kumponya mapafu na kumharibu masikio. Dativa aliuliza kama kuna njia nyingine. Daktari alitikisa kichwa. Akakubali, maana mtu huchagua pumzi kwanza.

Masikio yalianza kwa kulia kama nyenze juani. Baadaye nyenze walinyamaza, na pamoja nao vikanyamaza vikombe vya chai vya asubuhi, viatu vya wauguzi, na wagonjwa wenzake waliokuwa wakisali rozari kitanda cha tatu. Hakuna siku aliyoweza kuitaja kwamba ndiyo siku aliyopoteza usikivu. Aligundua tu kwamba watu wanachezesha midomo na hakuna kinachomfikia.

Akiwa bado huko, mama yake, mzee Benigna wa Kishanda kule Muleba, alifariki. Habari ilikuja kwa ujumbe wa simu kutoka kwa kaka yake Avit, mistari miwili tu. Wakamzika bila yeye.

Aliporudi amepona, Anatory alimpokea stendi. Dativa alimwona anaongea, anaongea, machozi yakimtoka, naye hakuambulia hata neno moja. Walipofika nyumbani Anatory akachukua karatasi na kalamu, akainama mezani kwa muda mrefu, ulimi ukiwa umejitokeza pembeni mwa mdomo, kisha akamsogezea. Alikuwa ameandika: *Pore sana mke wangu. Umekonda rakini Mungu mukubwa.*

Dativa alitabasamu. Kalamu ilikuwa pale pale, na mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka mingi. Bila kufikiri lolote akaiweka *l* mahali pa *r*, mara mbili, na kukata *u* iliyozidi, kama alivyosahihisha madaftari maisha yake yote. Anatory aliiangalia ile karatasi. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka kwenda kufunga mbuzi.

Tangu siku ile hakuandika tena. Wala hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa simu. Kwake simu ilikuwa ya kupiga. Alianza kusema na mkewe kwa mikono: kula, maji, mvua inakuja, funga mlango, nimechoka. Dativa bado aliweza kusema, ingawa sauti yake ilitoka kubwa mno au ndogo mno, lakini kilichorudi kilikuwa ishara hizo tu. Alidhani mumewe amemchoka. Hakumlaumu. Alijiambia kwamba hata yeye angemchoka mtu anayesubiri maneno kama anayesubiri meli isiyo na ratiba.

Shuleni hawakumfukuza. Walimpa chumba kidogo nyuma ya maktaba na kompyuta ya kuingizia alama za mitihani. Katika kompyuta ile mlikuwa na mchezo wa karata. Dativa akaucheza mpaka akachoka, akaona kwamba hata kuchoka kule kulikuwa kuchoka kwa mkono. Akili ilikuwa bado imekaa kwenye benchi, inasubiri kuitwa.

Jumamosi moja akaenda mjini kwa Farida. Farida alikuwa mwanafunzi wake zamani, miongoni mwa wabishi wakubwa kabisa, na sasa alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta karibu na soko. Alimwamkia kwa kuinama kidogo, mkono kifuani, kisha akafungua kompyuta na kuandika kwa herufi kubwa: SHIKAMOO MWALIMU. KARIBU UKAE.

"Marahaba. Nataka mchezo," Dativa alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na wateja wawili wakageuka.

Farida akaandika: *Wa magari, wa mpira au wa vita?*

"Sijui. Nataka wa kunichosha akili."

Akaondoka na kompyuta ndogo iliyokwishatumika, ndani mkiwa na michezo kadhaa. Wa magari ulimchosha macho. Wa vita ulimwonyesha jambo ambalo hakulitarajia: katika mchezo ule adui alitokea nyuma, na aliyesikia hatua zake ndiye aliyepona. Dativa alikufa, akafa tena, bila kujua risasi imetoka wapi. Akaufuta. Akacheza drafti na mashine mpaka akazijua tabia zake. Akahamia sataranji, na huko alikaa mwezi mzima kwa heshima, kisha akarudi dukani.

"Huu ni mzuri," alimwambia Farida, "lakini hauna watu. Huyu mfalme hana mke, hana shemeji, hana njaa. Hata mtoto wa kumrithi hana. Nitafutie mfalme mwenye shida."

Farida alicheka mpaka akashika meza. Lakini alikuwa mtu wa kulishika jambo. Akaingia kwenye mitandao ambako watu wa nchi mbalimbali hubishana kuhusu michezo iliyowashinda, akasoma, akauliza maswali, akapakua, akajaribu. Mingine ilikataa kufunguka kwenye kompyuta ile dhaifu. Baada ya muda akampigia Anatory simu amwambie mwalimu apite, na Anatory akafikisha ujumbe kwa kunyoosha kidole upande wa mjini na kufanya vidole kama anayechapa.

*Nimepata mmoja,* Farida aliandika. *Picha hauna, ni ramani na maneno tu, ndiyo maana mashine yako itauweza. Lakini wenyewe wanasema wengi wanaukimbia siku ya kwanza.*

"Huo huo," alisema Dativa.

Ulikuwa mchezo wa falme. Unapewa nchi ndogo kwenye ramani, unapewa mtawala mwenye jina, umri, hasira zake na woga wake, kisha miaka inaanza kwenda. Unapanga kodi na wakulima wanakuchukia. Unapunguza kodi na askari hawalipwi. Unamwoza binti yako kwa jirani ili akupe njia ya chumvi, binti anafariki wakati wa kujifungua, na njia inafungwa. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, marefu kama kitabu, na Dativa aliyasoma yote akiwa na kamusi pembeni. Hata hivyo mfalme wake wa kwanza alipinduliwa na mjomba wake kabla ya mavuno. Wa pili alikufa kwa ndui na kuacha mtoto mchanga. Wa tatu alishinda vita vyote, akafilisika.

Mambo hayo Dativa alikuwa ameyafundisha miaka na miaka: sababu tano za kuanguka kwa dola, sababu sita za kukua kwake. Sasa aliyaona kutoka ndani, mahali ambapo kila sababu ilikuwa na uso na jina, na kila uamuzi ulimuumiza mtu. Alikuwa akisimamisha mchezo, anatazama migomba nje ya dirisha, anafikiri, anarudi.

Lakini kilichomshika hasa hakikuwa vita wala kodi. Katika mchezo ule watu walimsemesha. Mabalozi walikuja na kumwandikia sentensi nzima, zenye mwanzo na mwisho. Walimsifu, walimtisha, walimdanganya, kisha wakasubiri jibu lake. Hakuna aliyemwonyesha kijiko akimaanisha chakula. Mara nyingine alijibu kwa sauti, peke yake, na siku moja balozi wa nchi jirani alipojaribu kumlaghai kwa maneno matamu, Dativa aliangua kicheko cha zamani, kile cha darasani.

Alipoinua uso alimwona Anatory amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alikuwa anamtazama yeye, kisha kompyuta, kisha yeye. Akaiweka sahani mezani na kuondoka.

Jumamosi iliyofuata Dativa alitoka kwenye sala za jumuiya akakuta meza tupu. Kompyuta haikuwepo. Alitafuta chumbani, akatafuta sebuleni, kisha akapanda bodaboda moja kwa moja mpaka kwa Farida ili aulize kama kuna mtu ameileta kuiuza. Hakuhitaji kuuliza. Anatory alikuwa amekaa kwenye benchi la dukani, kompyuta iko mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kuku asiruke. Farida alikuwa amesimama mbele yake. Midomo yao ilikuwa inakwenda.

"Kuna nini?" Dativa aliuliza.

Wote wawili waligeuka. Farida alimwuliza Anatory kitu. Anatory alikataa kwa kichwa. Farida akauliza tena, taratibu, akiwa amechuchumaa sasa kama binti anayeongea na baba yake. Mwishowe Anatory akaitikia na kugeukia ukutani. Farida akaenda kwenye kompyuta yake na kuandika, na Dativa akasoma begani kwake:

*Baba alikuja niufute mchezo. Nimekataa, nimemwambia mashine ni ya mwalimu. Anasema unaongea nao kuliko unavyoongea naye. Nikamwuliza, kwani yeye anaongea na wewe? Anasema hawezi. Anasema alikuandikia siku uliyorudi na ukamsahihisha kama mtoto. Anasema hataandika tena mbele ya mwalimu. Nisamehe, ameniruhusu nikuambie.*

Dativa alisoma mpaka mwisho, akarudi juu. Ile karatasi aliikumbuka vizuri. Aliikumbuka kama jambo zuri, neno la kwanza aliloambiwa nyumbani kwake baada ya miezi ya upweke, na kule kuyasahihisha maandishi hakukumjia akilini hata mara moja. Muda wote ule aliomdhania mwanamume huyu amemchoka, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga mdomo.

"Nisamehe, Anatory," alisema. Hakujua sauti yake ilikuwa na ukubwa gani, ila aliona watu wanasimama barabarani na kuchungulia. Hakujali. "Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

Anatory alisimama. Alimuaga Farida kwa kichwa, akaitia kompyuta kwapani, akamngoja mkewe mlangoni. Wakaenda nyumbani kwa miguu, bega kwa bega, na bodaboda waliosimama kuwapakia wakapungiwa wapite.

Jumapili baada ya misa, Dativa akasogeza kiti cha pili mbele ya kompyuta. Anatory akasita, kisha akakaa. Dativa akamweleza kwa sauti: huyu ndiye mfalme wetu, huyu ni mkewe, huku ni milima, hawa wa mashariki ni waongo. Anatory aliangalia kwa muda, akaweka kidole chake chenye ufa wa saruji juu ya mpaka wa kaskazini, akasema neno. Dativa hakulielewa. Akasema tena, taratibu, amemgeukia, mdomo wazi. *Ukuta.* Alitaka ukuta.

Wakajenga ukuta. Anatory akataka na mwingine upande wa mto, akataka na madaraja, na barabara mpaka pwani, mpaka hazina ikakauka, askari wakaasi na ufalme ukaanguka. Alikasirika kama mtu aliyebomolewa nyumba. Wakaanza upya.

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili, na siku za mvua ambazo saiti hazikufanya kazi, walikaa pale. Maneno ya mchezo yalikuwa machache na yalijirudia, na kwa sababu yalijirudia Dativa alianza kuujua mdomo wa mumewe. Alijua jinsi unavyofunga kwa *mbegu*, unavyochongoka kwa *ukuta*, unavyotanuka kwa *vita*. Mwanzoni walipishana mara nyingi. Siku moja Anatory alisema *linda*, Dativa akarudisha jeshi lote kulinda mji, kumbe mwenzake alisema kwa Kihaya, anamwambia asubiri. Jeshi likakosa kuteka mavuno ya adui. Walitazamana, wakacheka wote wawili, na Dativa akaona kwamba alikuwa amesahau sura ya mumewe akicheka.

Kutoka maneno ya mchezo wakahamia mengine. Chumvi imekwisha. Fundi mwenzangu ameumia mguu. Mtoto wetu aliye chuoni amepiga simu, anakusalimu. Si kwamba Dativa alielewa yote. Nusu aliibahatisha, na akikosa alisema, "Sijapata, rudia," naye Anatory alirudia bila kuchoka, kama anayepanga tofali lililokataa kukaa.

Mwaka ule, msimu wa senene, ilikuja alasiri moja ya mawingu. Ufalme wao ulikuwa umedumu kuliko zote zilizotangulia. Mfalme alikuwa vitani mbali, kusini. Kukaja ujumbe kwenye kioo, na Dativa akausoma kwa Kiswahili kama alivyozoea kumsomea mumewe: "Mama yako mzazi amefariki ikulu. Je, utaliacha jeshi urudi kumzika, au utaendelea na vita?"

Alikuwa anawaza hesabu ya askari. Akamgeukia Anatory ili aone anasemaje, akakuta amerudi nyuma kitini, mikono imeshika magoti. Kisha Anatory akanyoosha mkono, akaifunika kompyuta. Akageuza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Akajipangusa mdomo, kama mtu anayefuta ubao kabla ya kuandika.

"Mama," alisema. Dativa alilipata. "Mama Benigna."

Alisimulia polepole, kwa Kihaya, akisimama kila mahali alipoona uso wa mkewe umepotea. Kwamba alikwenda Kishanda siku za mwisho za mzee yule. Kwamba macho yake yalikuwa hayaoni tena. Kwamba Avit alikuwa ametoka kutafuta gari, na wanawake walikuwa nje, na yeye ndiye alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mzee alinyoosha mkono akapapasa hewani. Akauliza, "Ni Dativa?"

Hapo kidevu cha Anatory kilikuwa kinatetemeka, na Dativa hakuweza kusoma kidevu kinachotetemeka. Akakishika kwa mkono wake kitulie.

"Ukamwambiaje?"

"Sikusema kitu. Nilimshika mkono. Nikaubana. Akadhani ni wewe. Nilimwacha adhani. Nilimdanganya mama yako, Dativa, akafa nimemdanganya."

Kumbe jambo hili alikuwa nalo tangu siku ya stendi. Ndilo alilokuwa akilisema na machozi yakimtoka. Lisingeweza kusemwa kwa vidole, na kuliandika asingeweza.

Dativa akauliza, "Alisema kitu kingine?"

"Alisema, 'Umechelewa.'"

"Na nini?"

"'Umechelewa. Umekula?' Akanyamaza. Hakusema tena."

Dativa alimtaka arudie. Anatory akarudia. Akamtaka tena, akitazama kila neno linavyoumbika mdomoni mwake, mpaka akawa na hakika kwamba hakubahatisha hata moja. Ndipo akalia. Tangu ule ujumbe wa Avit hakuwa amelia, maana hakuwa amepewa kitu cha kulilia zaidi ya mistari miwili ya simu. Anatory hakumbembeleza. Alimshika mkono tu na kuubana, kama alivyofanya Kishanda.

Walipanda gari la Muleba mwisho wa juma. Dativa hakuwa amekanyaga nyumbani kwao tangu arudi kutoka hospitali; wengine walidhani ni kiburi cha mwalimu, wengine walidhani ni aibu ya ugonjwa. Avit aliwapokea barazani bila maswali, akawapeleka nyuma ya nyumba, kwenye makaburi ya familia katikati ya kibanja cha ndizi. Majani ya migomba yalikuwa yameanguka juu ya kaburi la mama. Dativa aliinama akayaokota moja moja, Anatory akaikagua saruji, akaona ufa pembeni, akamwonyesha Avit kwa kidole.

Baadaye wanawake wa jirani walikuja mmoja mmoja kumpa pole iliyochelewa. Walianza kwa ishara, kama kila mtu. Dativa akawaambia wakae, wamtazame, waseme taratibu, akasema hatakasirika wakikosea wala wasikasirike akikosa. Akapata neno huku, akakosa maneno huku. Mzee mmoja wa kike, rafiki wa marehemu tangu usichana, alisogeza kigoda mpaka mbele yake kabisa na kuanza habari ndefu ya siku ambayo yeye na Benigna walikimbia nyuki kisimani. Dativa alimshika mikono, akaukazia macho ule mdomo usio na meno, ambao ulikuwa mgumu kusomeka kuliko wowote aliowahi kuutazama.

"Sijapata," alisema, na kumwita kwa heshima ya Kihaya. "Rudia, waitu. Anzia walipotoka nyuki."